Kijani ikiwaka sio amri, chalii wangu

Jumamosi tena, chalii mmoja kasimama nyuma ya meza yangu kule Njiro, kakodolea skrini, ananiambia "broo siku hizi udijei rahisi, laptopu inawasha kijani we unapiga tu". Sijui ni wa ngapi huyu. Nikacheka kwa sababu mwenye shughuli alikuwa karibu, ila nimefika geto usingizi hamna, naandika.

Kijani ya rekordbox, hii programu yetu madijei ya kupanga na kupiga nyimbo, inakwambia kitu kimoja, kwamba kii (ngazi ya noti wimbo ulizojengwa nazo) ya huu wimbo na ya ule unaocheza ni majirani. Basi. Kii zimepewa namba 1 hadi 12 kwenye mduara kama saa, na herufi, A ni maina, B ni meja. Ukiwa 8A unaenda kwa majirani zake, 7A, 9A au 8B, mduara wenyewe siuchori. 8A ni A maina, 8B ni C meja, noti zao zilezile saba, na 9A inapishana na 8A noti moja tu, ndio maana hata programu ikisoma 9A badala ya 8A mara nyingi hamna anayeumia.

Ila kijani haijui nani anaimba nini! Moshi, miaka yangu ya mwanzo, sendofu. Nyimbo mbili zote 4A, BPM (mapigo kwa dakika) 98 na 99, kijani kama mgomba. Nikaingiza ya pili wakati ya kwanza mtu bado yuko kwenye kiitikio, huku mmoja anamshukuru Mungu kwa kumpa mke, huku mwenzie analia kaachwa kwenye mataa, na bi harusi mtarajiwa kasimama katikati ameshika keki. Mama yake mdogo alikuja hadi mezani, na hakuja kuomba wimbo. Kii zilikuwa sawa kabisa, hapo ndipo watu hawanielewi. Sauti mbili zikiimba kwa pamoja ni soko la Kilombero hata ziwe kii moja, kwahiyo unasubiri wa kwanza anyamaze, wa pili anaingia na biti tupu, unahesabu baa zako nane (mapigo manne kila moja), ndo unafungua mdomo wa wa pili. Hiyo kazi ni ya sikio na hedifoni, hamna rangi inayokufanyia.

Halafu spidi. Kama hujafunga kii, yaani hujabonyeza kitufe cha kuizuia isihame na spidi, ukivuta wimbo kama asilimia 6 umeuhamisha nusu toni nzima. Ule wa 8A uliokuwa 96 ukiupeleka 102 sasa unasikika 3A, na 3A na 8A hawasalimiani. Ukifunga kii inabaki palepale ila ukivuta sana sauti ya mwimbaji inaanza kutetemeka kama ana homa. Chagua maumivu yako.

Singeli nayo programu inaipiga mahesabu ya ajabu, wimbo wa 210 unaandikiwa 105, unautafuta kwenye za haraka haupo, umejificha na bongofleva. Gusa kitufe cha kuzidisha mara mbili, imeisha. Zilipendwa ndio shida zaidi, mpiga ngoma ni binadamu, anaanza polepole anamaliza kachangamka, na ikitoka kwenye kanda ya zamani kii inakaa katikati ya mbili, programu inachagua moja kishujaa tu. Hizo nazipanga kwa mkono.

Kinachonisaidia kweli ni ile sehemu ya komenti ya kila wimbo kwenye programu, ambayo hakuna anayeijaza. Mimi naandika "wamama", "kuingia maharusi", "keki", "usiku mnene", na nyota kwa ukali wa wimbo. Nikitafuta naanza na hizo, halafu BPM, kii inakuja mwisho kabisa kunisaidia kuchagua kati ya nne tano zilizobaki. Kuzijaza nyimbo elfu tatu kulinila miezi, nilifanya umeme ukiwepo.

Nikiri kitu. Kuna siku nabishana na kijani, napiga wimbo wa kii ya mbali kwa kiburi, kesho nikisikiliza rekodi nakuta programu ilikuwa sahihi na mimi nilikuwa na njaa. Na kwenye amapiano, ile besi inayoteleza, nikiambiwa nitaje kii bila kuangalia skrini nitababaika, sema na ukumbi wala haujali, wao wanasubiri besi idondoke tu.

Alhamisi nina sendofu Sakina. Plelisti iko tayari, ina nyimbo mbili ambazo kijani haiwaki kabisa pale mashangazi wanapoingia na zawadi, na siziondoi.