Kuacha kufuma katikati bila kuja kulazimika kufumua

Kabati la mfumaji linajulikana: mgongo wa sweta la shule ulioishia chini ya kwapa, vitambaa viwili vya kochi vilivyokamilika na cha tatu hakijaanzwa, kofia ya mtoto isiyo na kilele, na mfuko wa nyuzi ambazo hakuna anayekumbuka zilinunuliwa za nini. Swali ninaloulizwa sana ni namna ya kupunguza viporo hivyo. Kwa maoni yangu, kuwa na kazi tatu nne kwa pamoja si kosa. Ipo ya kufuma kwenye daladala bila kuangalia, ipo ya kukaa nayo mezani ukihesabu, na ipo ndogo ya kupumzishia mkono. Kazi inakufa pale inapoachwa ovyo: sindano imechomolewa ikaanzie kazi nyingine, hesabu iko kichwani, lebo ya uzi imetupwa. Ukirudi baada ya miezi mitano unachokikuta ni fumbo.

Kwa hiyo kila kazi iwe na kikaratasi chake, kimebanwa kwa pini kwenye kazi yenyewe, si kwenye mfuko. Kinachotosha ni hiki:

"Sweta la shule, mgongo. Sindano mm 4. Vitanzi 82. Baada ya ukingo nimefuma mistari 64, unaofuata ni wa upande wa mbele. Kwapa lianze sm 28 kutoka chini. Nafuma vitanzi 22 kwa sm 10. Uzi umebaki madonge matatu, lebo iko ndani."

Ukubwa wa sindano uandike kwa milimita, wala usiamini namba iliyochongwa kichwani. Sindano za zamani zilizorithiwa kwa mama na shangazi nyingi zina namba za Uingereza, ambako namba 8 ni mm 4 na namba 10 ni mm 3.25. Kwa namba za Marekani, zinazotajwa kwenye video nyingi, namba 8 ni mm 5. Mtu anaandika "namba 8", anarudi na sindano nyingine ya namba 8, na nusu ya pili ya sweta inatoka pana kuliko ya kwanza. Kama maandishi yamefutika, toboa karatasi ngumu kwa sindano unayoijua ukubwa, kisha pitisha ile usiyoijua kwenye tundu hilohilo. Ikipwaya au ikikwama, umeshajua.

Kwenye kroshia mtego uko kwenye majina ya mishono. Singo ya Marekani ndiyo inayoitwa dabo Uingereza, na dabo ya Marekani kwa Waingereza ni trebo. Dabo ya Marekani ina kimo cha karibu mara mbili ya singo, kwa hiyo ukichanganya, kitambaa kinabadilika urefu katikati ya njia. Kama ulikuwa unafuata video, andika pia dakika na sekunde uliyofikia, na upige picha ya hatua mbili zinazofuata. Video hufutwa, na mwenye nayo hana deni na wewe.

Sasa mahali pa kuachia. Maliza mstari. Ukilazimika kuacha katikati ya mstari, kumbuka kwamba unaporudi, uzi unaotoka kwenye donge lazima uwe umetokea kwenye sindano ya mkono wa kulia. Ukiushika kinyume utageuza kazi, urudi ulikotoka, na upande mmoja utapata mistari miwili zaidi ya mwingine. Kosa hilo halionekani siku hiyo. Linaonekana ukiwa mbali, likiwa tundu dogo katikati na mstari unaopanda mlima.

Kama kazi itakaa zaidi ya wiki mbili, toa sindano. Tunga uzi laini wa rangi nyingine kwenye sindano butu, upitishe ndani ya vitanzi vyote 82 kimoja kimoja, chomoa sindano ya kufumia, kisha funga ncha mbili za huo uzi. Vitanzi havitakwenda popote na sindano yako iko huru. Uzi huohuo unafaa pia kama kinga kabla ya sehemu ngumu: upitishe kwenye mstari ulio sahihi, endelea kufuma, na ukikosea fumua mpaka hapo tu. Kwenye kroshia ni rahisi zaidi kwa sababu kitanzi kilicho wazi ni kimoja. Kivute kirefushe kidogo, kitie pini ya kufunga, ondoa kulabu. Kuiacha kulabu ndani ya kitanzi ni kumwalika mtoto aichomoe.

Na akiichomoa sindano ya sweta? Usivute chochote. Laza kazi mezani, chukua sindano nyembamba kuliko ya kwako, mm 3 kwa kazi ya mm 4, na uokote vitanzi kwayo, kwa sababu nyembamba inaingia bila kusukuma cha jirani. Mguu wa kulia wa kila kitanzi ukae mbele ya sindano. Kilichokaa kinyume utakiona kimejipinda ukikifuma, hivyo kifume kwa kupitia nyuma kitanyooka. Kilichoporomoka mistari kadhaa kimeacha ngazi: tia kulabu kwenye kitanzi cha chini kabisa, vuta kila kipago kupita ndani yake, panda hadi juu.

Kurudi kwenye kazi kuna utaratibu wake, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa haraka. Kwanza hesabu vitanzi. Pili fumua mstari mmoja au miwili ya mwisho hata kama haina kosa. Vitanzi vilivyokaa miezi kwenye sindano vimevutika, na ukiendelea juu yake utapata alama ya mstari inayokatiza kifua, ambayo kufua mara nyingine hakuiondoi. Kuhesabu mistari kwenye kitambaa laini, kila umbo la V ni mstari mmoja. Kwenye kile cha matuta pande zote mbili, kila tuta ni mistari miwili.

Tatu, pima mkono wako. Mkono unabadilika: ulikuwa unafuma kwenye baridi ya Julai kule Njombe au Limuru, sasa ni Januari, viganja vina jasho, uzi wa akriliki unang'ang'ania sindano. Au ulitumia sindano za chuma, sasa una za mianzi. Fuma mistari minane kwa utulivu, laza, pima. Kama mgongo ulikuwa vitanzi 22 kwa sm 10, vitanzi 82 ni kama sm 37. Ukirudi na mkono uliolegea wa vitanzi 20, vitanzi vilevile vinakuwa sm 41. Hizo sm 4 ndizo zitakazokufanya ulaumu kielelezo wakati wa kushona ubavu. Mkono ukiwa umelegea, shuka sindano nusu milimita. Ukiwa umekaza, panda. Usijilazimishe kukaza uzi kwa vidole, hutadumu nao zaidi ya mistari kumi.

Ubaya wa kroshia uliosahaulika uko pembeni. Kwenye mstari wa dabo ya Marekani, cheni tatu za mwanzo kwa kawaida zinahesabika kuwa dabo ya kwanza. Aliyerudi baada ya muda mara nyingi husahau kufuma juu ya cheni hizo mwisho wa mstari, na kila mstari unapoteza dabo moja. Baada ya mistari 20 umepoteza 20, na kitambaa cha mstatili kimekuwa kama kiraka cha paa. Hesabu kila mstari kwa mistari mitano ya kwanza tangu urudi, kisha mkono utakumbuka wenyewe.

Kuhusu uzi kutosha, mizani ya jikoni inamaliza ubishi. Pima donge: gramu 44. Fuma mistari 20, pima tena: gramu 36. Mistari 20 imekula gramu 8, yaani 0.4 kwa mstari, kwa hiyo gramu 36 zitakupa mistari 90. Toa akiba ya kushonea na ya shingo kabla hujafurahi. Mistari miwili mitatu haitoshi kupimia, kwa sababu mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja. Huna mizani? Mstari mmoja wa kawaida unakula uzi kama mara tatu hadi nne ya upana wa kazi. Uzi uliobaki ukiwa pungufu ya mara nne, usianze mstari huo, unga donge jipya pembeni.

Donge jipya liwe la lot ileile iliyoandikwa kwenye lebo, yaani fungu la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Namba ya rangi ikifanana na lot ikitofautiana, dukani hutaona kitu, juani utaona. Ukikosa kabisa, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa jipya, ukibadilishana kwa sm 8 hivi, halafu endelea na jipya. Jicho litapotea katikati. Au peleka lot mpya kwenye mikono yote miwili ya sweta, pale tofauti inaonekana ni ya makusudi.

Mikono yenyewe ifume pamoja, madonge mawili kwenye sindano moja ndefu, la sivyo wa pili utaota ndoto kabatini. Ukipunguza kitanzi huku, unapunguza na kule, urefu haubishani.

Seti ya vitambaa vya makochi ndiyo mama wa viporo, na sababu yake ni hesabu ambayo hakuna aliyeifanya mwanzoni. Chukua seti ya viti saba: kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Kila kiti kitambaa cha sm 60 kwa 48, kwa viraka vya sm 12: vitano kwa vinne, ishirini. Mara saba ni viraka 140, bado hujagusa meza na stuli. Kiraka kimoja kikichukua dakika 25, hizo ni saa 58, saa moja kila siku kwa karibu miezi miwili. Na kila kiraka kina ncha mbili za uzi, kwa hiyo ncha 280 za kuficha. Anayefuma viraka vyote kwanza akisema ataunga mwishoni hufika kwenye rundo hilo akiwa amechoka, na rundo linabaki rundo. Unganisha kwenye mzunguko wa mwisho wa kila kiraka: badala ya cheni ya pembeni, toa kulabu, iingize kwenye upinde wa kiraka jirani, vuta, endelea. Ficha ncha palepale. Anza na makochi ya mtu mmoja, si lile kubwa. Ukiishia njiani, una jozi inayoweza kutandikwa na wageni wasijue kuna iliyokosekana.

Zipo kazi ambazo hazistahili kumaliziwa. Sweta la mtoto lililoanzwa akiwa tumboni lina kipimo cha kifua cha takriban sm 40, na mtoto wa miezi sita ana kama 43, wa mwaka 45 au 46. Mpime kwanza. Kama bado unafuma mgongo na kifua kimeshapita, fumua uanze saizi ya mbele, au mpelekee mwenye mtoto mdogo zaidi. Kielelezo usichokipenda tena nacho fumua bila huruma, uzi ndio mali.

Kufumua kuna adabu yake. Anzia ulipomalizia, si ulipoanzia. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, si kwenye donge, kisha funga fundo legevu sehemu nne zenye umbo la nane ili usichanganyike. Uloweke dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, tundika kivulini na kitu chepesi chini, kama kikombe cha plastiki. Mawimbi yatalegea. Pamba na sufi hunyooka vizuri. Akriliki haikubali kunyooka yote, na usiifukuzie kwa pasi: joto kali linaiyeyusha kidogo, inalegea na haitarudi kuwa na mvuto tena. Hilo linahusu hata sweta lililokamilika. Pasi kwenye ukingo wa kiunoni wa akriliki, na ukingo umekufa.

Uhifadhi ni jambo dogo ila pwani lina mambo yake. Ile mifuko ya zipu inayoletwa na mashuka inafaa kwa sababu unaona kilicho ndani, lakini usiifunge kabisa Mombasa, Tanga au Unguja: unyevu ukibaki ndani, pamba inapata madoa ya ukungu. Mfuko wa kitambaa ni bora. Nondo wanafuata sufi, akriliki na pamba hawana haja nazo, ila kazi iliyoshikwa na mikono yenye mafuta ya kula inaita mende, na panya hachagui. Kulabu nyembamba za chuma za kufumia vitambaa vyeupe, za mm 1.25 au 1.5, ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu zikiachwa ndani ya kitanzi msimu wa mvua zinatoa kutu. Doa la kutu kwenye uzi mweupe wa pamba litoe kwa maji ya limau na chumvi, anika juani, suuza, rudia ikibidi. Kwenye uzi wa rangi usijaribu, limau na jua vitachukua rangi pamoja na kutu.