Mwenzi wako anapowaza kujiua

Wake na waume wanaofika katika kliniki yetu ya afya ya akili hapa Mbeya, wengine wakitokea Mbozi na Rungwe, mara nyingi huwa na hofu moja: nikimuuliza mwenzangu kama anawaza kujiua, je, sitakuwa nimemtia wazo hilo kichwani? Hapana. Tafiti za nchi mbalimbali hazijaonyesha kwamba swali hilo huzaa wazo, na wengi wanaoulizwa hupata nafuu. Muulize mkiwa wawili tu, bila kuzunguka: "Mume wangu, unafikiria kujiua?" Akikiri, usikimbilie kumweleza kwamba ni dhambi au kwamba watoto watateseka, maana hayo anayajua, na pengine ameshajiaminisha kuwa familia itapumzika asipokuwepo. Msikilize, kisha umuulize kama amekwisha kupanga namna na siku, na kama amewahi kujaribu, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha ukubwa wa hatari.

Ninalosisitiza kuliko yote ni dawa za shambani. Katika nyanda hizi za viazi, nyanya na kahawa, si ajabu kukuta viuatilifu vimewekwa stoo au hata uvunguni mwa kitanda. Msukumo mkali wa kujiua hupanda na kushuka, mara nyingine ndani ya saa chache, na aliyekosa sumu karibu katika saa hizo huweza kuzivuka akiwa hai. Huwa naambiwa kwamba aliyeamua hazuiliki. Sikubaliani na kauli hiyo: Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua sana. Usizifiche dawa hizo ndani ya nyumba, bali zihamishie kwa ndugu au jirani unayemwamini. Vidonge vya hospitali navyo vitunze wewe, umpe dozi ya wakati huo tu, kwani amitriptilini, inayotumika sana kutibu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), ni hatari ikizidishwa.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu ya kueleweka, kwa hiyo msiziache kwa kuona hazisaidii, na wiki za mwanzo mwangalie kwa ukaribu zaidi. Maombi kanisani au msikitini yaendelee sambamba na tiba.

Familia nyingine huchelewa kuja kwa kuogopa polisi. Ni kweli kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo ambalo kwa maoni yangu linaumiza wagonjwa, lakini kuwa na mawazo hayo si kosa, na kuyaeleza kwa daktari hakumpeleki mtu mahabusu.

Usimwahidi kuwa siri hiyo itabaki kwenu wawili. Mwambie kwamba utamshirikisha mtu mmoja au wawili, labda kaka yake au wasimamizi wa ndoa yenu, ikiwa ni watu wasiopeleka maneno sokoni. Akiwa na mpango na njia ya kuutekeleza, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi; mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na mkiruhusiwa kurudi nyumbani, hao mliowashirikisha wapokezane nawe zamu za kukesha, ili nawe ulale.