MoU si mkataba, mpaka pale inapokuwa mkataba

Jana usiku grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja Wete limelipuka tena. Picha: mawaziri wawili, bendera mbili nyuma, mafaili mawili ya ngozi, watu wanapiga makofi. Chini yake mtu kaandika "tayari, tushauzwa". Hazikupita dakika tano mwengine, huyu anajihesabu msomi, akajibu "tulieni nyie, hiyo MoU tu, karatasi, haina nguvu yoyote". MoU ni memorandum of understanding, hati wanayosaini wakubwa kwamba wameelewana. Wote wawili wakapigiwa vidole gumba. Nikazima simu nikalala, lakini wallahi usingizi haukuja.

Mie ni mfasiri na mkalimani, karibu miaka ishirini sasa. Nshakaa kwenye vikao vya serikali mbili rafiki sijui vingapi, mara nyingi nyuma ya bega la mtu namnong'oneza huku tumbo linanguruma kwa njaa maana mkalimani hali, wanakula wengine. Nimeeleza haya Jaws Corner kwenye kahawa, nimeeleza kwenye boti, nimeeleza msibani. Leo naandika, na atakayeniletea tena "tushauzwa" namtumia hii na sitoongeza neno.

Kwanza la haraka. Watu wanadhani wakubwa wanakaa, wanazungumza, wanakubaliana, halafu kuna kijana pembeni anaandika walichosema. Aa wapi. Taarifa ya pamoja aghalabu ishaandikwa kabla ndege haijatua. Wanaanza wataalamu, wanafuata makatibu wakuu, mwisho mawaziri, ndivyo zinavyokwenda zile Tume za Pamoja tulizonazo na Kenya na majirani wengine. Kisichokubalika kinafungwa kwenye mabano ya mraba kinapandishwa ngazi ya juu. Wakubwa wakifika yamebaki mabano mawili matatu. Ukimuona kiongozi anacheka kwenye picha ujue kuna watu nyuma hawajalala siku tatu.

Na lile jengine, "si marafiki hawa, sasa wanabishana nini wiki nzima?" Yakhe, adui unamfungia mlango yamekwisha. Rafiki ndiye mwenye mahindi yanayovuka mpaka wako, ndege zinazotua kwako, wanafunzi, samaki, madeni. Januari 2024 Kenya ilikataa ndege ya mizigo ya Air Tanzania isichukue mzigo Nairobi kupeleka nchi ya tatu, Tanzania nayo ikatangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways Nairobi na Dar kuanzia tarehe 22. Mawaziri wakapigiana simu, na hiyo tarehe 22 haikufika. Hakuna faili la ngozi, hakuna makofi. Kazi kubwa ya urafiki wa serikali ni simu kama zile, ila simu haina picha ya kutuma kwenye grupu.

Haya, MoU.

Uchafu huu tumeufanya sisi wafasiri, nakiri. MoU kwa Kiswahili tumeiita "hati ya makubaliano". Na makubaliano yenyewe yale ya serikali kwa serikali, yenye meno, nayo tunayaita "makubaliano". Halafu mwandishi wa habari akichoka anaandika "mkataba" kwa vyote viwili kwa sababu ni neno fupi na linaenea kwenye kichwa cha habari. Jina la Kiingereza linasema kuelewana, na kuelewana si kukubaliana, mie naelewana na jirani yangu vizuri tu na hatujakubaliana jambo tangu ahamie. Wapo wanaoandika "hati ya maelewano" na ndiyo bora, hata mie naiandika, inanirudia ina wino mwekundu.

Lakini jina ni dogo, ngoja nikuingize ndani. Waandishi wa hati wa Kiingereza, hasa wizara ya nje ya Uingereza, wana desturi yao. Kwenye mkataba utaona "shall", kwenye MoU utaona "will". Mkataba una "parties", MoU ina "participants". Mkataba una ibara, MoU ina aya. Ni kama mavazi, ukimuona mtu na kanzu na joho unajua anakwenda kwenye harusi, huulizi. Sasa nambie wewe, "shall" na "will" kwa Kiswahili ni nini? Ni "-ta-". Zote mbili! "Serikali zitashirikiana katika kudhibiti uvuvi haramu." Hiyo ni ahadi ya kufikishana mahakamani au ni nia njema tu inshallah? Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua, kavuliwa kanzu kavuliwa joho yuko na shuka. Na vile vyao viwili, mkataba "kuingia kwenye nguvu" na MoU "kuanza kufanya kazi", sisi ni "kuanza kutumika" vyote, basi.

Usiseme sijajaribu. Kuna hati moja ya ushirikiano niliandika "inadhamiria kushirikiana" kila palipokuwa na "will", na "itawajibika kushirikiana" kwenye "shall", mbili tatu zilizokuwa zimepenya. Nikaona nimefanya jambo la maana. Afisa mmoja, mtu mzima, namheshimu, akaniita pembeni: "Kijana, mbona unatuandikia utenzi?" Akazifuta zote kwa kalamu, moja moja, mbele yangu, ikarudi "-ta-". Na siwezi kumlaumu kwa sababu ukiisoma kwa sauti kweli ilikuwa kama utenzi.

Halafu kuna "kuzingatia", hili ndilo linalonitoa roho. Kwa Kiingereza cha mikutano, upande mmoja ukileta hoja na mwengine hautaki kuikubali wala kuikataa, wanaandika "takes note". Maana yake nimesikia, tuendelee. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lenyewe mwaka 2001 lilipitisha uamuzi kabisa kwamba maneno hayo hayaungi mkono wala hayapingi. Sisi tunafasiri nini? "Imezingatia." Sasa dereva akiambiwa azingatie sheria za barabarani ina maana azisikie tu apite? Kuzingatia kwetu ni kushika na kufuata. Kwa hiyo serikali imekwepa kwa adabu, na Kiswahili chake kinasema imeshika na inafuata, na mtu wa Chake anasoma anasema "si mmezingatia, mbona hamtekelezi?" Ana haki. Siku hizi naandika "imepokea maelezo ya". Baridi kama uji wa jana lakini haidanganyi.

Sasa wewe msomi wa "karatasi tu", usicheke, zamu yako.

Mkataba wa Vienna wa 1969, ule wa sheria ya mikataba, ibara ya 2 inasema mkataba ni mkataba vyovyote utakavyoitwa. Jina si hoja. Ile kelele ya bandari ya 2023 watu wiki nzima wanachinjana ni mkataba au ni makubaliano, wakati hati ya Tanzania na Dubai ilipelekwa Bungeni Juni ikaridhiwa, na Bunge kwa Katiba ibara ya 63 linaridhia mikataba. Unaweza kuipenda au kuichukia ile hati, hiyo shauri yako, lakini kusema "hii ni makubaliano tu" halikuwa jibu la kitu.

Na mfano wangu mie naupenda uko hapa hapa pwani yetu. Tarehe 7 Aprili 2009 Kenya na Somalia zilisaini MoU Nairobi. Kijihati kifupi, aya saba, hata namba hazikutiwa, kinahusu kutopingana kwenye kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mipaka ya sakafu ya bahari nje ya maili 200. Bunge la Somalia mwaka ule ule likaikataa. Ungemuuliza msomi wetu angesema karatasi. Februari 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikasema huu ni mkataba halali na unazifunga nchi zote mbili. Kwa nini? Kwa sababu ndani yake mtu alikuwa ameandika kwamba itaanza kutumika ikishasainiwa, kwa lugha ile ya mkataba, joho hilo. Na ikawa imesajiliwa Umoja wa Mataifa. Utamu zaidi: Somalia ilikuwa imeishitaki Kenya kuhusu mpaka wa bahari, Kenya ikaitumia MoU hiyo kuweka pingamizi kesi isisikilizwe. Ilishinda kwenye hoja hiyo ya mkataba na bado ikashindwa pingamizi, kwani mahakama ilisema sawa ni mkataba lakini haunizuii kusikiliza kesi.

Unataka kali zaidi? Qatar na Bahrain, ndugu wa Ghuba, Desemba 1990 walisaini muhtasari wa kikao. Muhtasari! Waziri wa Bahrain akasema yeye hakukusudia kabisa kusaini kitu cha kisheria. Mahakama ile ile mwaka 1994 ikamwambia ulichokusudia moyoni hatukioni, tunaona ulichosaini. Tangu niisome kesi ile, nikiombwa kufasiri "muhtasari tu wa mazungumzo" nasoma mara mbili.

Kwa hiyo MoU ni nini? Inategemea, na najua hamlipendi jibu hilo. Ile ya Julai 2023 ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, baina ya wizara ya elimu ya India, chuo chenyewe na wizara ya elimu ya Zanzibar, mwaka haukwisha Bweleo pana wanafunzi. Nyengine zimesainiwa kwa kaswida na ngoma na faili sijui liko droo gani. Na kwetu hapa kuna jambo la ziada, Mambo ya Nje ni ya Muungano, waliokuwa na akili 1993 wanaikumbuka OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Zanzibar tulivyoingia Disemba 1992 na kutoka Agosti. Mtu anayekaa chini ya bango la SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, akisaini kitu na nchi ya nje, neno moja la "parties" lina uzito kuliko unavyofikiri, na ndiyo sababu watu wanashikamana na MoU, nyepesi, haina haja ya kupita Bungeni.

Niseme na lile tusilolisema kwenye semina. Mara nyengine utata umewekwa makusudi. Upande mmoja unataka kurudi nyumbani useme tumekubaliana, mwengine unataka kurudi useme hatujajifunga, na "-ta-" inawafaa wote wawili. Nikija mie na "itawajibika" yangu nimevunja meza. Je, kazi yangu ni kuweka wazi au kuacha ukungu ulivyo? Nilipoanza ningekujibu mara moja. Sasa sijui. Nnachojua, 1889 Italia na Ethiopia zilisaini mkataba wa amani na urafiki pale Wuchale, ibara ya 17 kwa Kiamhari inasema Menelik, mfalme wa Ethiopia, anaweza kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine, kwa Kitaliano analazimika. Neno moja. Wakamalizana Adwa, Machi 1896, maelfu ya watu chini.

Kwa hiyo ukiletewa picha tena, usiangalie mafaili, omba hati, nenda ukurasa wa mwisho. Angalia wameandika nini kuhusu kuanza kutumika, wakigombana wanakwenda wapi, na lugha ipi ndiyo yenye uzito ikitokea tofauti. Mara nyingi Kiswahili hakimo kabisa, kile ulichosoma wewe ni cha kukusaidia tu. Na nakala ziko mbili, katika yetu jina letu linatangulia, katika yao lao, kwa hiyo kama umeona tumetajwa wa pili usianze tena "tumedharauliwa", umeshika nakala ya mwenzio.

Nna rasimu mezani ya kupeleka kesho asubuhi. "Will" kumi na nne. Nimehangaika na mbili za kwanza mpaka saa saba usiku, kumi na mbili zilizobaki nimezipiga "-ta-" zote.