Moto wa jikoni hauondoi sumukuvu

"Songa ugali uive vizuri, ukungu wote unakufa." Kauli hii ina ukweli nusu. Kuvu kweli hufa kwa moto, lakini sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje za mahindi haifi, kwa sababu si kiumbe hai, ni kemikali. Aflatoksini, sumukuvu hatari ya mahindi, huvunjika kwa kiasi kikubwa kwenye joto linalopita nyuzi 200 za Selsiasi, na maji ya ugali huchemka kwa takriban 100. Hata ukisonga mpaka ukoko uungue, sumu nyingi itabaki.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kutokana na aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Na mahindi kama hayo kwa kawaida hupikwa kabla ya kuliwa.

Kinachosaidia hufanyika kabla ya sufuria: kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuchambua punje zilizovunda au kupasuka, na kukoboa. Na zile mbovu, tafadhali, usiwape kuku wala ng'ombe: sumu hupita hadi kwenye maziwa.