Joto kati ya Metali Mbili Zinazogusana: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika karakana za Mwanza, na hata katika viwanda vya minofu ya sangara vilivyo kando ya ziwa, ni rahisi kukokotoa joto linalopita kati ya metali mbili kana kwamba zimeshikana pasipo nafasi yoyote. Dhana hiyo ndiyo inayopotosha hesabu kuliko nyingine zote.

Ukweli ni kwamba uso wa metali, hata ukisuguliwa ukang'aa, una vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Metali mbili hugusana kwenye ncha chache tu, na nafasi inayobaki hujaa hewa. Uwezo wa hewa wa kupitisha joto ni takribani wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzi, ilhali wa alumini safi ni kama 237. Ukigawanya unene kwa uwezo huo unapata kizuizi cha joto, na utaona kwamba pengo la hewa la milimita 0.01, ambalo ni jembamba kuliko unywele, huzuia joto sawa na alumini yenye unene wa milimita 90 hivi. Ncha zinazogusana hupunguza kizuizi hicho, lakini hazikiondoi. Kwa hiyo ni lazima kujumlisha vizuizi vitatu, yaani cha metali ya kwanza, cha maungio (pale zinapogusana) na cha metali ya pili, ndipo tofauti ya halijoto igawanywe kwa jumla hiyo ili kupata joto linalopita kwa kila mita ya mraba.

Ndiyo maana mashine za kugandishia samaki zenye sahani za alumini huzibana trei kwa nguvu ya haidroliki. Trei iliyopinda, au iliyoinuliwa na kipande cha barafu kilichosalia chini yake, huchelewesha minofu kuganda ingawa mtambo wenyewe ni mzima.

Wengine huamini kwamba halijoto ya mwisho ya metali mbili zilizogusanishwa ni wastani wa zile mbili za mwanzo. Chukua kilo 1 ya alumini yenye nyuzi 200 na kilo 1 ya shaba yenye nyuzi 30: wastani ni 115, lakini kilo ya alumini huhitaji juli 900 hivi kupanda nyuzi moja, na ya shaba 385, kwa hiyo jibu ni nyuzi 149 iwapo hakuna joto linalopotea. Wepesi wa kupitisha joto hauingii humo kabisa. Huo huamua muda tu.

Wala nyuso mbili zinazogusana hazilazimiki kuwa na halijoto moja. Maungio yenye kizuizi cha nyuzi 0.0001 kwa kila wati kwa mita ya mraba, yakipitisha wati 10,000 kwa kila mita ya mraba, huwa na tofauti ya nyuzi 1 kati ya uso na uso, na tofauti hiyo hukua kadiri joto linalopita linavyoongezeka.