Sanduku halina jini, lina bawaba

Nilimkuta mzee wa skrepa pale Mabatini, Mwanza, anapima vitu kwa kilo, koki mbovu, vipande vya bomba, redieta, na katikati ya lundo kuna chombo cha shaba, tumbo limevimba, shingo fupi, mdomo umepanuka kidogo. Lota, kile chombo cha maji cha Wahindi. Nikakiokota kwa mazoea tu maana mimi nikiona shaba lazima niiguse, nikakiona kizito kuliko ukubwa wake, nikapitisha kidole shingoni nikakuta tundu, dogo yani kama limetobolewa na sindano ya cherehani. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikamwambia, "Babu, hiki usikiweke kwenye mizani, hiki sio skrepa." Akauliza ni nini sasa, nikamwambia ni cha mazingaombwe. Akakiangalia upya, halafu akakisukuma kwa mguu kikae mbali naye. Tukakubaliana bei ya haki, mara kadhaa ya bei ya chuma, nikaondoka nacho nimekikumbatia kwenye daladala mpaka nyumbani.

Ule mguu wa babu ndo unanifanya niandike leo.

Mimi nafanya mazingaombwe, ndo kazi inayolisha familia yangu. Napiga shoo shule za msingi, bethdei, sherehe za kampuni, send-off mara moja moja kama MC ananijua. Mwezi wa tisa na wa kumi kuna mahafali ya darasa la saba, hapo hali inakuwa nzuri, Desemba pia, Januari hakuna kitu kabisa, kila mzazi anawaza ada. Shuleni naenda na barua kwa mwalimu mkuu, mtoto analipa mia tano, sehemu inabaki shule na watoto wasio na hela wanaingia bure, hilo huwa nalisema mapema kabla hatujafika kwenye hesabu. Navuka kwenda Nansio na meli, naenda Magu, Misungwi, Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ile habari ya kukaa foleni ya kivuko na masanduku juani imeisha.

Kile kidogo kinachobaki nanunulia vifaa vya zamani. Nina pete za chuma zinazoingiana, nina kiboksi cha sarafu cha shaba cha aina aliyoibuni Okito, yule Mholanzi ambaye nje ya jukwaa aliitwa Theo Bamberg na ukoo wao ulifanya kazi hii vizazi sita, nina sanduku la dadu lenye milango minne ambalo nalipenda kuliko vyote. Unaingiza dadu kubwa la mbao, unainamisha sanduku, watu wanasikia kabisa linateleza upande wa pili, unafungua upande mmoja halipo, basi watoto wanapiga kelele "Fungua yote! Fungua yote!" mpaka walimu wanatoka ofisini. Linafanyaje, hilo sisemi. Limefanya kazi zaidi ya miaka mia na litaendelea.

Sasa tatizo. Huku kwetu Usukumani ukimwambia mtu una chumba kimejaa vifaa vya mazingaombwe hasikii mbao na bawaba, anasikia kitu kingine. Shangazi yangu alikuja kutoka Kwimba kulala kwangu siku mbili, ukutani nilikuwa nimebandika bango la Harry Kellar, Mmarekani wa mazingaombwe aliyetamba mwishoni mwa karne ya 19, na mabango yake mengi yana vishetani vyekundu vimekaa mabegani vinamnong'oneza sikioni. Shangazi hakulala. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, hao wadogo wekundu wanakula nini humu ndani?" Nikamkalisha chini nikamweleza kwamba lile ni tangazo, kama leo msanii anavyopiga picha kakaa juu ya gari la kukodi, enzi hizo ilikuwa hivo, watu wengi wa mazingaombwe Ulaya na Marekani walichorewa vishetani ili tiketi ziuzike. Alinielewa, lakini bango nililitoa, na sijalirudisha. Nyumba ni ya ndugu pia.

Hilo la shangazi ni dogo. Kubwa lilinikuta kijiji kimoja upande wa Sengerema, sikitaji, na sipendi kulikumbuka ila ni lazima nilieleze vizuri.

Nilipiga shoo jioni uwanja wa shule, watu wazima wakaja pia. Nilikuwa natumia mfuko wa yai, kimfuko cha kitambaa ambacho kinapinduliwa nje ndani mbele ya macho yenu kiko kitupu halafu yai linatoka, na namaliza kwa kulitoa yai kwa mtu, nyuma ya sikio au kwenye nguo. Mbele alikuwa amekaa bibi mmoja, anacheka kuliko wote, nikampenda, nikalitoa yai kwenye kanga yake. Uwanja mzima ukalipuka. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia "Wabeja, mjukuu wangu, wabeja," yani asante kwa Kisukuma. Nikalala kwa mwalimu nimefurahi.

Usiku mtoto wa jirani yake akashikwa na homa na degedege. Asubuhi saa moja mwenyekiti wa kijiji yuko mlangoni, kijana, njoo haraka, kuna maneno. Maneno yenyewe: yai limetoka kwa yule bibi, watu wote wameona, bibi macho yake mekundu siku zote, na usiku huo huo mtoto kaanguka.

Wewe uliyekulia huku unajua macho mekundu ya bibi kizee yameua wangapi. Ni moshi, miaka hamsini ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, basi. Lakini kwa hilo tu akina mama wazee wamekatwa mapanga Mwanza, Shinyanga na Geita, na mimi kwa mkono wangu, kwa kutaka makofi, nilikuwa nimemsogeza mmoja pale.

Nikamwomba mwenyekiti apige mbiu. Watu walipojaa nikasimama na mfuko wa yai nikaupindua, nikaonyesha mshono wa siri ulipo, nikaonyesha yai linavyokaa, nikamwita yule aliyekuwa anasema sana nikampa afanye mwenyewe, mara ya kwanza likadondoka, mara ya pili akaweza, akalitoa yai kwenye koti la mwenyekiti. Watu wakacheka. Nilipoona wanacheka miguu ikaisha nguvu. Mtoto alipelekwa zahanati, ilikuwa malaria, akapona. Bibi yule nilirudi kumwona mara tatu mwaka ule, nikimpelekea sukari, na kila nikifika nahakikisha majirani wananiona nakaa naye nje, mchana, tunakula wote.

Nilipomweleza mzee aliyenifundisha kazi alinyamaza sana. Kwetu siri haitolewi, ndo sheria ya kwanza, na yeye alinipa mfuko ule kwa kuniamini. Mwisho akasema, "Ulifanya sawa. Ila usiwafungulie watu mfuko unaowalisha wenzako, tafuta kitu chako cha kuwafungulia." Na hapo ndo kukusanya kwangu kulibadilika kabisa, kabla ya hapo nilikuwa nakusanya kwa sababu vitu ni vizuri tu.

Hicho kitu changu ndo lota. Ni hila kongwe ya India, P. C. Sorcar wa Bengal, aliyefariki mwaka 1971 akiwa Japani kikazi, alikuwa akiifanya karibu muda wote wa shoo yake, kila baada ya mchezo anarudi kumwaga maji kutoka kwenye chombo kile kile ambacho maji yake yalishaisha. Mimi naita Ziwa Haliishi. Namwaga mwanzo mpaka tone la mwisho, nakipindua, natingisha, naendelea na mengine, narudi, maji tena. Mara ya nne watoto wananisubiri, wanaimba wenyewe "ziwa haliishi!"

Halafu mwisho nakaa chini nawaeleza. Chombo kina matumbo mawili, moja ndani ya jingine. Lile unaloliona ni la ndani, kati yake na ukuta wa nje kuna maji mengine yamejificha, na chini kabisa matumbo hayo yameunganishwa kwa kitundu. Juu shingoni kuna tundu la hewa. Ukiziba tundu la hewa kwa kidole maji ya nje hayaendi popote, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, ni kama unapochovya mrija kwenye soda ukaziba juu kwa kidole ukaunyanyua, soda inabaki ndani ya mrija. Ukiachia kidole, hewa inaingia na maji yanahamia ndani taratibu bila kelele wakati wewe unawaonyesha karata. Nakuwa na mirija mfukoni, nampa kila aliyekaa mbele ajaribu. Nikitoka pale mtoto wa darasa la nne anaweza kumweleza bibi yake nguvu ya hewa. Siri nyingine zote zinabaki kwangu, ila wameshaona moja kwa macho yao, na moja inatosha kujua kwamba zingine nazo zina tundu mahali.

Wapo wenzangu wanasema naharibu biashara. Nimewasikiliza, sikubaliani nao. Kazi yetu ina historia ndefu ya kufungua. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alitoa kitabu cha kutetea watu waliokuwa wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na humo akaeleza hila za wafanya mazingaombwe, akachora hata kisu chenye pengo katikati kinachoonekana kimepita kwenye mkono. Nilipoiona ile michoro nilishangaa, kisu cha namna hiyo hiyo ninacho, kimetengenezwa na fundi wa Kirumba. Na upande wa pili kuna Robert-Houdin, fundi saa na mfanya mazingaombwe Mfaransa ambaye Houdini, yule Mmarekani maarufu wa mazingaombwe, alichukua jina kutoka kwake, mwaka 1856 serikali yake ilimtuma Algeria akapunguze nguvu za wale walioaminika wana miujiza huko. Alikuwa na kisanduku ambacho mwanaume mwenye nguvu anakinyanyua, halafu ghafla hawezi tena hata kukisogeza, chini ya jukwaa kuna sumaku ya umeme. Kwa ufundi namvulia kofia. Lakini hiyo safari inaniuma, maana ilikuwa silaha ya mtawala, watu walitishwa kwanza. Mimi nikipanda jukwaani Misungwi sitaki mtu hata mmoja ashuke anaogopa.

Maana wanaotisha tayari wapo. Wale lambalamba, waganga wanaojidai kufichua wachawi, wanaoita kijiji kizima, wanachimba uani kwa mtu wanatoa pembe na hirizi iliyofungwa shanga, na mwenye nyumba anatozwa ng'ombe, ule mkono naujua. Ni mkono ule ule wa yai. Pembe imeingia na mchimbaji, iko kwenye mkono wa shati au kwenye kiganja, anawapoteza maboya kwa kelele na ngoma na jasho, kila mtu anaangalia jembe, na hakuna anayeangalia mkono wa kushoto. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi Januari 2015 na ilikuwa sawa, lakini marufuku haimfundishi mtu kuangalia mkono wa kushoto. Mimi naweza kumfundisha kwa dakika tano. Na tangu Sengerema sitoi kitu kwa bibi kizee, wala kwa mtoto mgonjwa, wala kwa mtu mwenye ualbino hata akijitolea mwenyewe kwa furaha. Natoa kwa mwalimu mkuu, kwa diwani, kwa padri kama yupo. Kijana yeyote anayeanza kazi hii Kanda ya Ziwa ashike hilo kabla hajashika karata.

Kutunza hivi vitu kando ya ziwa ni vita nyingine. Unyevu haulali. Pete za chuma nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila nikitoka shoo, hariri nazitunza na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbao nazikagua bungua kila mwezi, ukiona unga wa njano chini ya sanduku ujue wameshaingia. Shaba siisugui kwa limau na majivu kama mama alivyotufundisha, inang'aa ndio lakini unaondoa rangi ya uzee na kila mara unaondoa na shaba yenyewe kidogo. Na lota ukiliacha na maji tumboni linaota kutu ya kijani mahali ambapo hakuna brashi itakayofika, kwa hiyo nalipindua juu ya waya usiku kucha.

Pamoja na hayo, mwezi uliopita likaanza kuvuja kwenye kiungio cha chini. Nikazunguka kwa mafundi, mmoja akataka kulichomelea kwa gesi, nikakimbia. Mwisho nikaenda Makoroboi, kwa wale wanaotengeneza koroboi kwa makopo ambao mtaa umebeba jina la kazi yao, nikampa baba mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa na jiko lake la mkaa na risasi ya kulehemu. Nikajiandaa kueleza kwamba si uchawi, kama kawaida. Akaligonga kwa ukucha, akalitingisha sikioni, akapuliza kwenye mdomo, akaliweka gotini.

"Lina tumbo mbili hili," akasema. Akatafuta shingoni kwa kidole gumba mpaka akalipata lile tundu, akaliziba, akaliachia, akanitazama usoni anatabasamu. "Na kidole unakaa nacho hapa, si ndio?"