Kwa nini benki hupokea shamba kama dhamana, lakini si digrii?

Mwenye hati ya shamba hukopeshwa kwa sababu akishindwa kulipa, shamba hupigwa mnada. Digrii haina mnada: elimu imo ndani ya mtu, na mtu hauzwi. Mwanafunzi naye yumo hatarini. Analipa ada, anakosa mshahara miaka mitatu au minne, na mtaji wake wote uko kwenye kozi moja. Akiachia njiani, deni linabaki.

Mwaka 1955 mchumi wa Marekani Milton Friedman alipendekeza njia nyingine: mwenye fedha anunue hisa katika kipato cha baadaye cha mwanafunzi. Aliyefanikiwa alipe zaidi, aliyekwama alipe kidogo, na faida kwa huyu ifidie hasara kwa yule.

Chuo Kikuu cha Yale kilijaribu mpango wa aina hiyo miaka ya 1970. Kwa kila dola 1,000 za mkopo, mhitimu alilipa asilimia 0.4 ya kipato chake kila mwaka. Yaani aliyekopa dola 3,000 na kupata dola 10,000 kwa mwaka alitoa dola 120. Aliendelea hivyo mpaka deni la kundi lake lote, yaani wenzake waliokopa pamoja naye, liishe, au miaka 35 itimie.

Kosa lilikuwa hapo kwenye deni la kundi. Wenye vipato vikubwa waliruhusiwa kujitoa mapema kwa kulipa asilimia 150 ya deni lao pamoja na riba, na wengine hawakulipa kabisa. Waliobaki wakawa wanawalipia wenzao mwaka hadi mwaka, deni lisionekane kupungua. Tena mpango wa namna hii huwavutia zaidi wanaotarajia kipato kidogo. Anayeona mshahara mnono mbele yake huukwepa. Mpango wa Yale ulisitishwa 1978, na mwaka 2001 chuo kikafuta madeni yaliyosalia.

Australia ilirekebisha kasoro hiyo 1989. Kila mtu ana deni lake mwenyewe, makato hupitia kodi, tena huanza kipato kikishavuka kiwango kilichowekwa. Hasara hubebwa na serikali, ambayo ina uwezo wa kuitawanya kwa walipakodi wote.

Tanzania, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika aliyeajiriwa, kupitia mwajiri wake. Kwa hiyo makato hupanda na kushuka na mshahara, lakini deni ni la mtu mmoja na lina kikomo. Ugumu uko kwa aliyejiajiri: hana mwajiri wa kumkata, na kipato chake hubadilika kila mwezi.